Masahihisho ya Mwezi wa Saba

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa saba, kabla ya kwenda shuleni, Mwalimu Baki alichukua bahasha kuukuu juu ya kabati la vyombo, akaandika jina lake mwenyewe mgongoni mwa hiyo bahasha, akaiweka mezani na kuitazama. Wino ulikaa wakati ukiwa mbichi. Ulipokauka, jina liliondoka. Aliandika tena kwa kalamu nyekundu, nayo ikafanya vilevile, basi akairudisha bahasha kabatini na kumwambia mumewe kwamba mwezi umeanza.

"Kwani ulitegemea nini?" mumewe alisema bila kuinua macho kwenye cherehani. Alikuwa fundi nguo, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa duka lake. "Kila mwaka unaiuliza hiyo bahasha, na kila mwaka inakujibu neno lilelile."

"Mwaka huu nina kesi, baba watoto."

"Wino haujui kesi."

Jina la Baki alipewa na wanafunzi. Alifundisha hesabu darasa la nne, na hakuwahi kumruhusu mtoto akae chini baada ya kugawanya kabla hajamuuliza, "Na baki?" Alikuwa amefundisha miaka kumi na saba katika shule ileile ya serikali, chumba kilekile, penye dirisha lilelile lisilofunga. Miaka yote hiyo alikuwa mwalimu wa mkataba. Mkataba ulianza tarehe mosi ya mwezi wa nane ukaisha siku ya mwisho ya mwezi wa sita, miezi kumi na moja kamili, kwa sababu sheria ilisema kwamba mwalimu aliyefanya kazi miezi kumi na miwili mfululizo athibitishwe, awe mwajiriwa wa kudumu. Mwajiri aliielewa sheria hiyo kuliko mtu yeyote. Shule hazikufungwa mwezi wa saba. Kengele iligongwa, watoto wakaja, na mwalimu mkuu akapita madarasani kuwashukuru walimu wa mkataba kwa moyo wao wa kujitolea.

Katika mwezi huo walimu wa mkataba hawakuacha alama. Chaki ilipita ubaoni na ubao ukabaki mweusi. Walitia sahihi kitabu cha mahudhurio kila asubuhi, na ilipofika saa mbili ukurasa ulikuwa mweupe. Walikanyaga tope la mbele ya ofisi na tope likabaki sawasawa. Nyumbani, Mwalimu Baki alikunywa chai na kikombe hakikuonyesha mdomo wake, akalala na upande wake wa godoro haukubonyea. Mumewe alisema huo ndio mwezi godoro linapokwenda likizo.

Hakuna aliyeshangaa. Walimu wa mkataba walikuwa wanne pale shuleni, na mmoja wao alijaribu miaka miwili kuleta chaki zake mwenyewe, halafu akaacha. Walikuwa na namna yao ya kufanya kazi. Mwalimu alisema, mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri akaandika ubaoni, na wengine wakanakili. Watoto waliuita mwezi wa mdomo. Waliupenda, kwa sababu kila mmoja alipata zamu ya kushika chaki.

Tarehe ishirini na tisa ya mwezi huo Mwalimu Baki angetimiza miaka hamsini na mitano. Kanuni zilisema hakuna mwalimu anayethibitishwa baada ya umri huo. Angeweza kuendelea kwa mkataba mpaka miguu ikatae, lakini siku itakapokataa angekwenda nyumbani na cheti cha shukrani. Vyeti hivyo alikuwa navyo vitatu tayari. Mumewe alikuwa amekata kimoja kuwa kiolezo cha kola, kwa sababu karatasi yake ilikuwa ngumu na nzuri.

Kesi aliifungua mwaka mmoja na nusu nyuma. Alianza kwa kwenda kwenye chama cha walimu, akaambiwa chama kinawatetea wanachama, na uanachama ni wa waliothibitishwa. Akishathibitishwa aje, watamtetea athibitishwe. Aliwashukuru, akaandika malalamiko yake mwenyewe kwa mkono, akayapeleka kwenye baraza la usuluhishi, ghorofa ya pili ya jengo ambalo chini yake walikagua mizani ya wafanyabiashara. Kesi iliahirishwa mara nne. Mara moja mwanasheria wa mwajiri alikuwa na mafua. Mara moja faili lilikuwa limekwenda kushonwa. Mara mbili hakuna aliyeeleza sababu, na Mwalimu Baki alikaa kwenye benchi la korido hadi ofisi zilipofungwa, akisimama, akikaa, akisoma tangazo la kuzuia kutema mate hadi akalijua kwa moyo.

Aliyemjua vizuri pale alikuwa mfagizi. Mfagizi alipiga deki korido kila saa tatu, wakati uleule watu walipoanza kuingia, na alizichukia nyayo zao kama mtu anavyomchukia jirani mwizi. Katika mwezi wa saba wa mwaka uliopita alikuwa amemwona Mwalimu Baki akipita kwenye sakafu mbichi bila kuacha hata kisigino.

"Wewe ndiye mgeni pekee hapa mwenye adabu," alimwambia, na tangu siku hiyo alimwekea nafasi kwenye benchi kwa kuweka ndoo.

Shauri lilisikilizwa hatimaye Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa sita. Mwamuzi alikuwa mzee mwembamba aliyestaafu utumishi wa serikali mwaka uliopita, kisha akaitwa tena kwa muda, kwa sababu mafaili yalikuwa yamerundikana mpaka yakaziba dirisha. Alikuwa mtu wa haki, na hilo lilijulikana hadi ghorofa ya mizani. Kasoro yake ilikuwa kwamba alipenda kuiandika haki kwa sentensi nzuri.

Mwanasheria wa mwajiri, mama wa makamo, mpole, ambaye mafua yake hayakuwa yamepona, alileta vitabu kumi na saba vya mahudhurio kwenye kiroba. Alivipanga mezani na kufungua kila kimoja mahali pa mwezi wa saba. Kurasa zote zilikuwa nyeupe kwenye mstari wa Mwalimu Baki.

"Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo," alisema, akapenga kamasi. "Utumishi wake haukuwa mfululizo. Una tundu kila mwaka."

"Nilitia sahihi kila siku," Mwalimu Baki alisema.

"Sibishi kwamba ulitia sahihi, Mwalimu. Ninachosema ni kwamba hakuna sahihi."

Mwamuzi aliandika hilo. Kisha akamuuliza Mwalimu Baki kama ana shahidi, naye akaenda mlangoni kumwita muuguzi mmoja aliyekuwa amesimama koridoni na sare yake, ametoka zamu ya usiku na macho mekundu. Muuguzi huyo alikuwa amefundishwa na Mwalimu Baki miaka kumi na mitano nyuma. Chini ya kwapa alikuwa na madaftari manne. Mama yake hakuwahi kutupa kitu chochote chenye mwandiko wa watoto wake, na nyumba yao yote ilikuwa na harufu ya masanduku.

Mwamuzi alifungua daftari la kwanza. Zilikuwa hesabu za kugawanya, kwa mwandiko mkubwa wa mtoto, na tarehe zake zilikuwa za mwezi wa saba. Maandishi ya mtoto yalikuwepo yote. Hayakuwa na alama ya mwalimu hata moja.

"Mtoto mwenye bidii anaweza kufanya hesabu peke yake," mwanasheria alisema.

Mwamuzi aliendelea kusoma. Alikuwa amefika katikati ya ukurasa, mahali ambapo mtoto alikuwa ameandika neno Masahihisho na kulipigia mistari miwili. Chini yake hesabu tatu zilikuwa zimerudiwa. Juu, hesabu hizohizo tatu zilikuwa na majibu mengine, yasiyo sahihi. Alifunua ukurasa mwingine, kisha mwingine. Karibu kila siku mtoto alikosea, na karibu kila siku alisahihisha.

"Nani alikuambia umekosea?" alimuuliza muuguzi.

"Mwalimu."

"Alama yake ya kosa iko wapi?"

"Ilikuwa hapa," muuguzi alisema, akaweka kidole pembeni mwa hesabu, mahali palipokuwa patupu. "Na hapa. Hapa alinichora kubwa kwa sababu nilisahau baki."

Mwamuzi alivaa miwani yake ya pili juu ya ile ya kwanza na kupatazama pale mahali patupu kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba katika maisha yake yote hajapata kumwona mtoto wa miaka kumi anayeandika masahihisho kwa kupenda mwenyewe.

"Wangu haandiki hata akilazimishwa," mwanasheria alisema, na hapo hapo akajuta, lakini karani alikuwa ameshacharaza.

Karani huyo aliajiriwa pale miaka ishirini na sita nyuma na alikuwa wa kudumu. Mashine yake ilikuwa na sauti ya mvua ya mawe. Aliinyamazisha, watu wote wakamgeukia mwamuzi, na Mwalimu Baki akasimama bila kuambiwa.

"Mheshimiwa, naomba useme leo. Hata maneno mawili tu, uyaandike, utie sahihi. Jumatatu ni mwezi wa saba."

"Haraka haraka haina baraka, Mwalimu."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo, Mheshimiwa."

Mwamuzi alicheka, na cheko lake lilikuwa la mtu aliyekwisha kuamua upande wa haki. Ilikuwa rahisi kuliona. Alisema maneno mawili yatakatiwa rufaa kabla hayajakauka, na yeye anataka kuandika uamuzi usio na mahali pa kupitisha hata sindano. Jambo lililongoja miaka kumi na saba haliwezi kuharibiwa na wiki mbili. Alitaja Ijumaa ya tarehe kumi na mbili. Tarehe ishirini na tisa ilikuwa mbali bado, akasema, na Mwalimu Baki akahesabu kwa vidole nyuma ya mgongo wake na kuona kwamba ni kweli.

Wiki hizo mbili hakutulia. Shuleni alisema na watoto wakaandika, lakini alizunguka darasani mpaka mtoto mmoja wa mbele akamwomba akae kidogo, kichwa kinamzunguka. Nyumbani aliosha vyombo vilivyooshwa. Alifungua kabati, akasahau alichofuata, akalifunga. Akilala alijigeuza upande huu na ule bila kulibonyeza godoro. Aliogopa, na zaidi ya kuogopa alijikasirikia kwa kutumaini, maana miaka kumi na sita ya kwanza aliishi bila tumaini lolote na usingizi wake ulikuwa mzuri.

"Kaa basi, nikupime," mumewe alimwambia siku ya Jumatano. Alikuwa anamshonea gauni la kusikilizia uamuzi, kitambaa cha kijivu alichokuwa amekificha tangu mwaka mpya.

"Nimekaa."

"Umekaa huku umesimama. Mikono chini."

Alimpima kifua, kiuno na urefu. Alimwambia kwamba kwa miaka thelathini amepima watu wenye raha na watu wenye hofu, na wenye hofu huwa wamepungua inchi moja mabegani. Atashona kwa kipimo cha raha. Mwalimu Baki alimshika sikio na kulivuta, kama alivyofanya walipokuwa wachumba. Mumewe aliendelea kuandika vipimo kwenye ukuta kwa kalamu ya risasi.

Ijumaa hiyo alifika saa mbili na nusu akiwa amevaa gauni lake la kijivu. Mfagizi alikuwa anamalizia korido. Aliondoa ndoo kwenye benchi, Mwalimu Baki akakaa, sakafu ikiwa mbichi inang'aa kutoka ngazini hadi mlango wa baraza. Karani alifika wa kwanza na kuacha nyayo mbili mbili za mtu mwenye miguu bapa. Mfagizi akafyonya, akazifuta. Mwanasheria alifuata, na visigino vyake vikaacha nukta kama za mtu anayeshona kwa mkono.

"Kila siku," mfagizi alisema, akipitisha tambara. "Kila siku, kama vile hawana kwao."

Kisha mwamuzi alipanda ngazi, na faili chini ya kwapa. Alivuka korido nzima kwa mwendo wake wa taratibu, akawasalimia wote wawili, akamsifu Mwalimu Baki kwa gauni, akafungua mlango na kuingia. Sakafu nyuma yake ilikuwa inang'aa vilevile, kutoka ngazini hadi mlangoni.

"Heh," mfagizi alisema, ameridhika. "Huyu naye ameanza kujifunza adabu."

Mwenye macho haambiwi tazama. Mwalimu Baki aliitazama sakafu mpaka mlango ulipofunguliwa tena na karani akamwita. Aliingia ndani akitembea ukingoni mwa ukuta.

Uamuzi ulikuwa kurasa tisa. Mwamuzi alikuwa ameutoa kwa mdomo, siku sita mfululizo, na karani akaucharaza, kwa hiyo herufi zake zilikuwa nyeusi na imara. Aliusoma kwa sauti akiwa amesimama. Ulisema kwamba kazi haihesabiwi kwa alama ya anayeifanya peke yake, bali pia kwa alama ya aliyefanyiwa. Ulisema kwamba penye masahihisho palikuwa na mwalimu, na kwamba kosa la mtoto haliwezi kuonwa na mtu asiyekuwepo. Ulisema ile miezi ya saba, yote kumi na saba, ilikuwa miezi ya utumishi, na kwamba mlalamikaji athibitishwe kazini tangu siku uamuzi huu unapotiwa sahihi. Mwanasheria alisikiliza na kitambaa chake puani, na katika ukurasa wa saba alitikisa kichwa polepole kwa namna ya kukubali. Yalikuwa maneno mazuri kweli. Mwalimu Baki aliyasikia yote, na furaha na hofu vilimpanda kifuani kwa pamoja mpaka akashindwa kuvitenganisha.

Mwamuzi alipokaa na kuifungua kalamu, Mwalimu Baki alisimama.

"Mheshimiwa, kabla hujaandika. Mkataba wako uliisha lini?"

"Wangu?" Mwamuzi alitabasamu. "Mwisho wa mwezi wa sita, kama wa watu wote. Wataniletea mwingine tarehe mosi ya mwezi wa nane. Mimi naja tu kumalizia mafaili, si unajua tena, ukiyaacha yanaongezeka. Ni utaratibu tu."

 Mwanasheria aliteremsha kitambaa chake. Mwamuzi aliwatazama mmoja mmoja, kisha akainama akatia sahihi. Ilikuwa sahihi ndefu, yenye mkia, ya mtu aliyesaini mambo mengi katika maisha yake. Ilikaa kwa muda wa mtu kupiga chafya mara mbili. Kisha wino ulikauka na mstari wa nukta ukawa mtupu.

Alitia tena. Alibadilisha kalamu akatumia ya karani, halafu penseli, halafu mwanasheria, ambaye hakuwa mtu mbaya, alifungua mkoba wake na kumwazima kalamu yake nzuri ambayo hakuwahi kumwazima mtu. Karani aligonga muhuri wa baraza, na muhuri ulishika vizuri, ila muhuri huo ulikuwa na maneno yanayosema si halali bila sahihi ya mwamuzi. Walijadili kama mwamuzi mwingine anaweza kusaini. Hakuweza, kwa sababu hakuusikiliza ushahidi. Walijadili kama karani anaweza kuushika mkono wa mwamuzi. Walijaribu. Sahihi ilitoka mbaya, kisha ikaondoka.

"Nimetia sahihi," mwamuzi alisema hatimaye. "Ninyi nyote mmeona kwa macho yenu."

"Sibishi kwamba umetia sahihi, Mheshimiwa," mwanasheria alisema kwa upole, na hakumalizia.

Mwamuzi aliweka kalamu chini. Aliitazama mikono yake pande zote mbili, akamtazama Mwalimu Baki, na uso wake ukawa wa mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Ningeandika siku ile," alisema.

"Ndiyo," Mwalimu Baki alisema. "Ungeandika."

Alikuwa na hasira. Alitaka kumwambia kwamba maneno mawili yangetosha, kwamba sentensi zake nzuri hakuna aliyemwomba, na kwamba alimwambia. Alikuwa ameyapanga yote mdomoni. Lakini aliona jinsi mzee alivyokuwa anasugua kidole gumba kwenye karatasi, akitafuta mahali wino ulipokuwa, na yeye mwenyewe alikuwa amesugua hivyo mwaka wa kwanza, kwenye kitabu cha mahudhurio, hadi karatasi ikaota manyoya. Basi akavuta kiti karibu yake.

"Mwaka wa kwanza ni mgumu," alimwambia. "Usijisumbue kuandika orodha ya sokoni. Ukitaka kumwachia mtu ujumbe, mwambie mwenzako aandike. Na usimkasirikie mkeo kuhusu godoro."

"Nilidhani ni godoro jipya," mwamuzi alisema.

Mwamuzi aliahidi kuutia sahihi uamuzi siku atakapoletewa mkataba, na wakatoka pamoja. Mfagizi alikuwa amepiga deki tena, na alisimama pembeni na tambara lake akiwatazama wakipita bega kwa bega hadi ngazini. Alisema kama watu wote wangekuwa hivi, angemaliza kazi saa nne.

Mwamuzi aliomba kwa barua mkataba wake uharakishwe. Karani aliicharaza barua, na ikarudishwa kwa sababu haikuwa na sahihi. Tarehe ishirini na tisa ilikuja siku ya Jumatatu. Mwalimu Baki aliingia darasani saa mbili na kufundisha kugawanya kwa tarakimu mbili, kwa mdomo, na mtoto wa zamu alichora mstari wa kugawanya mrefu hadi ukutani. Ilipofika saa saba alirudi nyumbani akiwa na miaka hamsini na mitano. Mumewe alimtengenezea chai, akasema kipimo chake cha raha hakijaharibika, gauni litafaa siku nyingine. Mwalimu Baki alilia kidogo jikoni, akauosha uso, akaja kukaa karibu na cherehani na kumshikia kitambaa.

Mwamuzi alitimiza ahadi yake. Tarehe mosi ya mwezi wa nane aliletewa mkataba saa nne asubuhi, na saa nne na robo akautia sahihi uamuzi. Wino ulishika. Karani aliandika tarehe chini yake, kwa sababu ndiyo kazi yake, na wiki iliyofuata mwajiri alijibu kwa barua ya heshima kwamba uamuzi huo ni sahihi na umeandikwa vizuri mno, isipokuwa hauwezi kutumika kwa mwalimu aliyevuka umri. Uko kwenye faili mpaka leo.

Asubuhi hiyohiyo ya tarehe mosi, saa moja na nusu, Mwalimu Baki alikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Juu ya meza palikuwa na karatasi mbili. Moja ilikuwa mkataba wake, miezi kumi na moja, ukiisha siku ya mwisho ya mwezi wa sita. Ya pili ilikuwa waraka wa mwajiri kwa shule zote. Mwanasheria alikuwa amepeleka nakala ya zile kurasa tisa tangu siku ile ile, na mwajiri alikuwa amezisoma kwa makini. Waraka ulikuwa na sentensi mbili. Uliwashukuru walimu wa mkataba kwa moyo wao wa kujitolea, na uliagiza kwamba kuanzia sasa, katika mwezi wa saba, wanafunzi wasiandike masahihisho.

"Huu unasaini kwamba umeusoma tu," mwalimu mkuu alisema, akitazama dirishani. "Na huu ni ule wa kila mwaka. Utausoma kwanza?"

"Naujua," Mwalimu Baki alisema.

Alichukua kalamu iliyofungwa mezani kwa kamba, akatia sahihi karatasi zote mbili. Wino ulishika mara ya kwanza, mweusi, mzito, mpaka ukatokea upande wa pili wa karatasi. Mwalimu mkuu alizipuliza hata hivyo, ingawa zilikuwa zimeshakauka, na kengele ya darasa ikagongwa.